Kambare wangu hawatagi: majibu kwa wafugaji wasiotaka homoni

Majike yangu ya kambare yana matumbo makubwa, lakini sijaona hata kifaranga. Ni lazima nichome sindano ya homoni? (Morogoro)

Si lazima. Bwawani jike hujaza mayai vizuri tu. Kinachokwama ni hatua ya mwisho, kuyakomaza na kuyaachia, kwani hiyo husubiri mvua. Porini kambare hungoja mto ufurike, wakapanda usiku kwenye majani yaliyotoka kuzama, wakataga huko. Basi waletee masika. Kausha kibwawa kidogo, kipigwe jua siku kadhaa, nyasi zianze kuota. Jioni jaza maji mapya safi yafike magotini, uingize jike mmoja na dume mmoja. Madume mawili yataumana hadi kuuana. Funika kwa wavu, wanaruka hao.

Jike aliye tayari tumbo lake ni laini na kitundu cha uzazi kimevimba, chekundu. Dume ana kijichuchu kirefu kilichochongoka. Mambo yakienda sawa, asubuhi utakuta vijiyai vyenye rangi ya kijani-kahawia vimeganda kwenye nyasi. Kama una tangi la saruji, tandaza nyuzi za mkonge chini, mayai yatanata humo. Watoe wazazi mara moja: kambare halei, na mayai yake mwenyewe anayala. Kwenye nyuzijoto 26 hadi 28 yataanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Baada ya hapo adui ni vyura na wadudu wa majini, na ndio wanaomaliza vifaranga wengi kuliko ugonjwa wowote.

Usiku mwingine hawatagi, basi. Anayeuza vifaranga kwa oda za tarehe maalumu atashikilia sindano yake, na simlaumu.

Jirani yangu anasaga tezi ya kichwani mwa kambare mwingine na kumdunga jike. Anasema hiyo ni asilia, si homoni. (Kisumu)

Ni homoni, tena ndiyo yenyewe. Tofauti ni kwamba haikununuliwa dukani, na kambare mmoja amechinjwa kuipata.

Nataka sato madume watupu bila chakula chenye dawa. (Mwanza)

Shida yako ni kinyume cha ile ya kambare. Sato hahitaji kusukumwa azae. Anazaa mno, bwawa linajaa vidagaa visivyokua. Ndiyo maana vituo vya vifaranga huwalisha homoni ya kiume wiki tatu nne za mwanzo, wote wawe madume. Bila hiyo, subiri wafike gramu 30 hivi, uwachague kwa mkono: dume ana vitundu viwili chini ya tumbo, jike vitatu. Ni kazi ya kuchosha, na nusu ya samaki utawatoa. Njia nyingine ni kuchanganya aina mbili za perege, ndugu zake sato. Karibu na 1960 huko Malacca, katika Malaysia ya leo, mtafiti Hickling alipandisha madume ya perege waliotoka Zanzibar, jamii ya perege wa mto Wami, kwa majike ya perege wa Msumbiji, akapata watoto madume. Lakini mahuluti wakitoroka hadi mtoni wataharibu mbegu ya asili, kwa hiyo mimi siipendi. Afadhali utie kambare wachache, wadogo kuliko sato wako, ili wavile hivyo vidagaa.

Na mwatiko? Tunaokota vifaranga baharini kila msimu. (Kilifi)

Anataga mwenyewe akifugwa. Ufilipino walitaga bila sindano kwenye vizimba vya baharini mwaka 1980, wakiwa na umri wa miaka mitano hivi. Hesabu mwenyewe gharama ya kuwalisha miaka yote hiyo kabla ya yai la kwanza. Kwa mwenye bwawa moja, endelea kuokota.