Jibu: Tangazo la redio au Facebook kwa mgahawa mdogo?

Dada, umeuliza ulipie tangazo la redio au la Facebook kwa mgahawa wako wa Ntinda, hapa Kampala. Mimi ningesema vyote visubiri.

Facebook ilifungwa hapa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na wengi wakazoea kuingia kwa VPN, programu inayoficha mahali simu ilipo. Mtu yuko Ntinda, simu inaonyesha yuko Uholanzi. Tangazo ulilolilenga Kampala litampataje? Redio nayo inafika mbali, sawa, lakini nani atatoka Mukono, mji ulio nje ya Kampala, kufuata katogo (matoke yaliyopikwa pamoja na maharagwe au matumbo)?

Mteja wako anakuja kwa miguu. Weka kibao barabarani, herufi kubwa, bei zionekane: katogo, kikomando (chapati ya kukatwakatwa na maharagwe), wali nyama. Watu huogopa kuingia mahali wasipojua bei. Halafu saa tano na nusu asubuhi, kabla hawajaamua pa kula, piga picha ya sahani yenyewe, mchuzi ukiwa bado unafuka moshi, uirushe kwenye status ya WhatsApp. Vijana wa boda wa stejini wapunguzie bei; wao ndio huulizwa wapi pana chakula.

Ila muulize kwanza mpishi anamudu sahani ngapi. Tangazo likileta umati na chakula kikaisha saa saba, umelipia watu waje wakuseme.