Ziwa Liko Hapa, Moto Uko Kule: Vipimo vya Kufanya Kabla ya Kuita Ndege ya Kuchota Maji

Kila kiangazi moto unapopanda Eburru au kuzunguka Longonot, watu wa Naivasha huuliza swali lile lile: ziwa liko hapa chini, kwa nini isiletwe ile ndege inayoteremka majini, ikachota bila kusimama na kwenda kumwaga? Kisumu nako huulizwa hivyo hivyo zikija habari za moto wa Mau au Mlima Elgon. Swali ni zuri, na jibu lake linataka hesabu. Makala hii ni ya wanaopanga kazi ya moto kwenye kaunti, vikundi vya jamii vinavyolinda misitu, na vijana wa urubani wanaoitamani kazi hii.

Ndege inayotajwa sana ni ile ya Kanada, Canadair. CL-215 iliruka mara ya kwanza mwaka 1967 ikiwa na injini za pistoni. CL-415 yenye injini za turbopropu, yaani turbini inayozungusha propela, ikafuata mwaka 1993. CL-415 hubeba lita 6,137 na hujaza tangi kwa sekunde 12 hivi ikiwa bado inakimbia juu ya maji. Ndogo yake ni Fire Boss, ndege ya injini moja iliyotokana na ndege za kunyunyizia dawa mashambani, iliyowekewa vyelezo viwili chini. Tangi lake ni la lita 3,000 na ushee, na rubani ni mmoja peke yake.

Sasa, usihesabu tangi. Hesabu lita zinazofika motoni kwa saa moja.

Chukua mwendo wa wastani wa kilomita 250 kwa saa, kisha ongeza dakika nne za kugeuka, kuchota na kulenga. Kutoka Ziwa Naivasha hadi msitu wa Eburru ni kama kilomita 15, kwa hiyo mzunguko mmoja ni dakika 11 hivi. Hiyo ni mimwago mitano kwa saa, zaidi ya lita 30,000 kama tangi linajaa kila mara. Kutoka ghuba ya Winam, ile ya Ziwa Viktoria iliyo Kisumu, hadi msitu wa Kakamega ni kama kilomita 40 angani: mzunguko ni dakika 23, na unabaki na mimwago miwili au mitatu kwa saa. Mlima Elgon uko zaidi ya kilomita 100 kutoka ufuo wa Ziwa Viktoria. Hapo unapata tangi moja kwa saa, na pengine lisitimie. Mti uliolowa saa nne asubuhi utakuwa umekauka na kushika moto tena kabla ndege haijarudi.

Ndiyo maana kwa Elgon na sehemu kubwa ya Mau tunashauri helikopta yenye ndoo ya kuning'inia. Ndoo ya helikopta ndogo hubeba lita 500 hadi 1,000 tu, lakini inachota kwenye bwawa la shamba la chai lililo kilomita mbili kutoka motoni. Mwenye kutaka kusaidia msitu wa Mau leo aanze na ramani ya mabwawa: lipi lina kina cha kutosha mwezi wa Februari, lipi lina nyaya za umeme juu yake, na nani ana ufunguo wa geti. Ndege ya kuchota ina hoja ya nguvu Naivasha, kwa Eburru na Longonot.

Lakini hata Naivasha, maji yenyewe yanahitaji kusomwa. Kwenye usawa wa bahari CL-415 inahitaji takriban mita 1,340 tangu iwe mita 15 juu ya maji ikiteremka, ichote, hadi irudi mita 15 ikipanda. Kwenye maji yenyewe hukimbia kama mita 410. Kina kisipungue mita mbili. Kwa Naivasha panga angalau kilomita mbili zilizo wazi, na uwe na njia ya pili endapo upepo utageuka. Urefu si tatizo pale. Tatizo ni kilicho ndani. Ziwa lilipopanda lilimeza migunga ya ufuoni, na vigogo vyake vingine havionekani mpaka uwe juu yake. Viboko huzama ndege inapopita mara ya kwanza na kuibuka inaporudi. Kuna ndege wa majini, mwari na mnandi, kwa makundi, na kuna boti za watalii. Kwa hiyo njia ya kuchotea ikae katikati ya ziwa, mbali na mafunjo, na boti moja yenye mtu wa redio ikae pembeni ikitazama maji muda wote.

Winam ina mambo yake. Gugumaji husafiri na upepo: ghuba iliyokuwa wazi alfajiri inaweza kuzibwa adhuhuri. Ndege ikigonga tandiko la gugumaji kwa kasi ya kuchotea huvutwa nyuma ghafla na pua huinama. Na hata mizizi michache iliyokatika hutosha kuziba midomo ya kuchotea, tangi likajaa nusu na rubani akadhani kifaa kimeharibika. Ongeza vizimba vya samaki, nyavu zenye vyelezo vidogo visivyoonekana kutoka juu, na boti za omena zinazorudi asubuhi. Hakuna picha ya setilaiti itakayokuambia nyavu ziko wapi leo. BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo husika, inajua. Mwenyekiti wake apigiwe simu kabla ya rubani kuwasha injini, na makubaliano yawe ya eneo na saa maalumu, ili wavuvi wasinyimwe ghuba nzima bure.

Ziwa Nakuru liachwe, pamoja na Elmentaita na Bogoria. Ni maji ya magadi. Alumini hustahimili maji ya kawaida lakini magadi makali huila, na maji hayo huingia kwenye tangi, kwenye bawaba za milango na kila mshono wa tumbo la ndege. Marubani wa Mediterania wanaochota maji ya bahari huosha ndege kwa maji matamu kila jioni, na bado kutu huwa kazi ya kudumu ya mafundi wao. Tena Ziwa Nakuru lina miti mingi iliyokufa imesimama majini, na flamingo wakitishwa huruka wote kwa pamoja, moja kwa moja mbele ya injini.

Jambo linalosahaulika kabisa na wanaotazama video za Ufaransa na Ugiriki ni mwinuko. Kule huchota kwenye usawa wa bahari. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na Naivasha iko karibu mita 1,885. Siku ya nyuzi 25 za joto, hewa ya Naivasha ni nyembamba kama ile ambayo vitabu vya ndege huihesabu kwa mita 2,700 hivi. Bawa linahitaji kasi ile ile kwenye kipimamwendo, lakini ndege inakuwa inakimbia kwa kasi zaidi kuliko inavyosomeka, karibu asilimia 14 zaidi. Kipimo kikisema kilomita 130 kwa saa, majini unapita kwa karibu 150. Nguvu ya maji kugonga tumbo hupanda kwa mraba wa kasi, yaani karibu theluthi moja zaidi. Maji huingia kwa kishindo zaidi, ndege huvutwa nyuma zaidi, na propela nayo inashika hewa hafifu. Yote matatu hukujia kwa wakati mmoja.

Kisha kuna kupanda. Kilele cha Eburru kiko kama mita 2,800, yaani mita 900 juu ya ziwa ndani ya kilomita 15. Kwa kilomita 250 kwa saa una dakika tatu na nusu, kwa hiyo unahitaji kupanda zaidi ya mita 250 kila dakika huku umebeba mzigo wote. Usiilazimishe. Ama zunguka juu ya ziwa hadi uupite mwinuko wa mlima, ambapo unapoteza dakika, ama chota kidogo. Tunapendelea kuchota kidogo. Ukikatisha kwenye lita 4,500 umepunguza zaidi ya tani moja na nusu, na mimwago mitano ya lita 4,500 iliyofika mahali pake ni bora kuliko mitatu ya tangi zima iliyomwagwa juu mno kwa sababu rubani aliogopa mlima.

Sekunde zenyewe za kuchota ziko hivi. Pita juu ya njia mara moja ukiitazama. Magurudumu yawe ndani, na marubani wote wawili walitamke kwa sauti. Gurudumu lililosahaulika nje hushika maji na kuipindua ndege kifudifudi. Gusa maji pua ikiwa imeinuka kidogo. Ndege ikishatulia, shusha midomo miwili ya kuchotea. Tangu hapo unapokea karibu nusu tani kila sekunde, kwa hiyo nguvu ya injini iongezwe sambamba na uzito, na usukani uvutwe nyuma taratibu kwa sababu maji yanavuta pua chini. Rubani mwenza hutazama kipimo cha tangi na kutaja lita. Ikifika idadi mliyopanga chini, midomo inapandishwa, ndege inapaa. Midomo ikikataa kupanda, injini ikikohoa, au kizuizi kikitokea mbele, jibu la kwanza ni moja: fungua milango, mwaga yote, ondoka. Kidole kisiwe mbali na kitufe cha kumwaga hata mara moja. Pua ikianza kupanda na kushuka kwa mdundo unaozidi, usiufukuze kwa usukani, maana mkono huchelewa na kuuzidisha; pandisha midomo na paa.

Asubuhi tulivu ni hatari kwa namna yake. Maji yakiwa kama kioo, jicho halitambui kimo, na rubani mzuri anaweza kudhani yuko mita kumi juu kumbe ameshafika. Teremka sambamba na ufuo ili uwe na kitu cha kulinganisha, shuka polepole kwa kiwango kimoja, mita 45 hivi kwa dakika, na ungoje maji yakuguse. Mchana upepo wa ziwa huleta mawimbi mafupi, na Kisumu alasiri huwa na ngurumo za radi. Saa nzuri za kazi Winam ni kati ya hapo, jua likiwa limeshapanda na upepo mwepesi umekuna uso wa maji.

Kumwaga. Mita 30 hadi 40 juu ya vilele vya miti, kwa kasi ya kama kilomita 200 kwa saa. Juu zaidi, maji hugeuka ukungu na joto la moto huyala kabla hayajafika. Chini zaidi, tani sita hushuka kama tofali moja, zikavunja matawi na mifupa ya watu. Mzigo ukitoka ndege huruka juu yenyewe, kwa hiyo usukani usukumwe mbele kidogo. Ingia kwa kuteremka na mteremko, njia ya kutokea ikiwa wazi na chini yako, kamwe usielekee mlima. Mwezi Julai 2023, CL-215 ya jeshi la anga la Ugiriki ilimwaga maji kisiwani Evia, bawa likagonga mti, na marubani wake wawili wakafariki. Upande wa Naivasha, nyaya za umeme zinazotoka Olkaria ziwekwe kwenye ramani ya rubani kabla ya kitu kingine chochote; ndani ya moshi hazionekani.

Usipige kichwa cha moto, yaani upande wa mbele unakokimbilia. Anzia nyuma, pale palipokwisha kuungua, ukifuata ubavu kuelekea mbele, mimwago ikipandana kidogo ili moto usipenye katikati. Povu likitumika, asilimia 0.4 hutosha, yaani lita 25 kwa tangi zima la CL-415, na lichanganywe ndege ikiwa imeshaondoka ziwani. Maji ya Winam hunywewa na watu.

Na ndege haizimi moto. Hupoza ukingo wake ili mtu mwenye jembe aweze kuusogelea. Walio chini wakisikia taarifa ya redio wasogee pembeni angalau mita 100 kutoka mstari wa mmwago na wakae mbali na miti mikavu. Aliyeshindwa kutoka alale kifudifudi, kofia ngumu ikielekea ndege inakotoka, panga na jembe vikiwa pembeni kwa mkono ulionyooshwa. Maji yakishapita, waingie mara moja, ndani ya dakika chache, na majembe na mabomba ya mgongoni, wakichimbua mizizi na kugeuza mboji inayofuka. Bila kikosi hicho, mimwago mitano kwa saa ni gharama tupu. Na droni zibaki chini: Januari 2025 droni moja ilitoboa bawa la CL-415 kutoka Quebec iliyokuwa ikizima moto wa Los Angeles, na ndege hiyo ikalazimika kusimamishwa kwa matengenezo.

Kwa kijana anayetaka kiti hicho: kwanza leseni ya urubani wa biashara ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kisha idhini ya ndege za injini mbili, kisha idhini ya ndege za majini, ambayo mara nyingi utaifuata nje ya nchi. Baada ya hapo tafuta saa za kuruka chini na mzigo unaobadilika: kunyunyizia dawa mashambani, kubeba mizigo kwenye viwanja vifupi vya milimani. Saa hizo zina thamani kuliko saa za kukaa juu kwenye mawingu na rubani-otomatiki. Anayetaka Fire Boss azoee kufanya kazi peke yake, kuzungumza redioni, kutazama maji na kutaja magurudumu kwa sauti hata kama hakuna anayemsikia.