Wote Wamekubali Kabisa

Mimi ni afisa utumishi hapa Mwanga, Kigoma. Niligawa dodoso, na karibu wafanyakazi wote wameweka vema kwenye "nakubali kabisa" kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuajiriwa. Nimwambie bosi tuko vizuri?

Usimwambie bado. Nani ataikataa kauli hiyo, tena kwenye karatasi yenye jina lake? Hapo umepima adabu. Shusha maswali hadi kwenye kazi yenyewe. Tuseme ghala la dagaa Kibirizi linatafuta karani wa mizani: "Sina shida karani akiwa kiziwi." "Nikimfundisha, kazi zangu zitalala." "Sina shida akiwa msimamizi wangu." Hiyo ya tatu ndiyo inayowatoa watu jasho. Kupanda ngazi hivyo ni ufundi wa Emory Bogardus, Mmarekani aliyeuliza watu tangu 1925 nani wangemkubali kama jirani, nani kama mkwe. Changanya kauli za kusifu na za kuponda. Ukikuta vema zimeteremka safu moja juu hadi chini, huyo hakusoma. Majina yasiwepo, karatasi zitumbukizwe kwenye sanduku. Na usimfunge kiziwi, asiyeona na mwenye ualbino kwenye swali moja.

Niko Ujiji, naandika tasnifu. Nitumie kipimo cha kina Yuker cha 1960, kile cha mitazamo kuhusu watu wenye ulemavu?

Kisome, kimetumika sana. Ila kinauliza watu wenye ulemavu wakoje kwa jumla, hakiulizi kama utafanya nao kazi meza moja. Ukikitafsiri, mtu wa pili ambaye hajakiona cha awali akirudishe kwenye Kiingereza, ulinganishe.

Sheria inataka wangapi?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010: mwajiri wa watu 20 na zaidi, wasipungue asilimia 3. Kwa watu 40 ni mmoja na chenji. Afisa wa Mwanga afungue orodha ya mishahara, aiweke kando ya zile "nakubali kabisa" zake.

Mimi ni fundi cherehani Kasulu, kiziwi. Mbona mnawauliza wanaosikia tu?

Una haki ya kulalamika, ndugu yangu. Wewe ndiye unayejua barua ngapi zilijibiwa, na nani alikuita kwenye usaili bila mkalimani, kisha akakuandikia kikaratasi: tutakupigia simu. Hicho kikaratasi ni kipimo tosha. Anayetafiti akuhoji kwa lugha ya alama, na mkalimani asitoke kwa mwajiri.