Cascais kwa siku moja ukitokea Lisbon: usiichanganye na Sintra

Mkuu, umeuliza kama siku yako moja ya mapumziko Lisbon huko Ureno itatosha kuona Sintra, mji wa makasri milimani, na Cascais, mji wa pwani, kwa pamoja, na kama bahari ya Cascais inaogeleka. Nimefika mara mbili, Oktoba na Julai, nakujibu kwa niliyoyaona.

Sintra iache. Safari ya kwanza nilifanya hivyohivyo unavyopanga. Foleni ya kasri la mlimani ilinila hadi mchana, basi la kuteremka likajaa, nikaingia Cascais saa kumi na mbili jioni nimechoka hoi. Niliona stesheni, mtaa wa maduka na kipande cha ufukwe, giza likaingia. Roho iliniuma sana, ndiyo maana nilirudi.

Panda treni ya Cascais kwenye stesheni ya Cais do Sodré, Lisbon, ni dakika 40 hivi. Kila mtu awe na kadi yake ya usafiri, Navegante, yenye pesa, aiguse anapoingia na anapotoka. Kaa upande wa kushoto, maana reli inafuata mto Tejo. Utapita Belém, alikozikwa Vasco da Gama kwenye monasteri ya Jerónimos. Sisi wa pwani jina hilo tunalo tangu darasani, na mnara wake upo Malindi hadi leo, kwa hiyo nilijikuta nimeinuka kitini kuchungulia. Baada ya hapo mto unazidi kupanuka mpaka unakuwa bahari.

Sasa kuogelea. Inawezekana, ila usiifikirie bahari yetu. Mimi nimekulia Tanga, maji ya bahari kwangu ni kitu cha uvuguvugu. Julai, jua linachoma, niliingia ufukwe wa Praia da Conceição kwa haraka na maji yakanikamata vifundoni mpaka mifupa ikauma. Hiyo ni Atlantiki: katikati ya kiangazi maji yanabaki kwenye nyuzi 17 hadi 19 hivi. Nilisimama maji ya magoti muda mrefu, huku bibi wa Kireno akinipita na kujitosa kana kwamba yuko kwake, na kweli yuko kwake. Mwishowe niliingia nikaogelea, na nilifurahi.

Pale pwani kijana mwokoaji alinionyesha mlingoti akasema “bandeira”. Sikuhitaji mkalimani, bendera ni bendera. Neno hilo tulilichukua kwao, kama tulivyochukua meza na leso. Ya kijani ogelea, ya njano ingia lakini usiogelee, nyekundu usiguse maji. Ziheshimu, hasa ukienda ufukwe wa Guincho, nje ya mji. Guincho ni pazuri mno, mchanga mpana na milima ya Sintra kwa nyuma, lakini upepo wa kaskazini wa kiangazi, wenyewe wanauita nortada, unakurushia mchanga usoni. Kule ni kwa wenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Kwa mtoto au mwogeleaji wa kawaida, fukwe ndogo za mjini zinatosha.

Mchana tembea kwa miguu. Pita mnara wa taa wa Santa Marta, wenye vigae vya mistari ya bluu na nyeupe, uendelee hadi Boca do Inferno, pango lililotobolewa na mawimbi kwenye jabali. Bahari ikichafuka kidogo maji yanagonga ndani mpaka unahisi kishindo kifuani. Ngome ya Cidadela ipo njiani: mfalme Luís wa Kwanza aliigeuza makao yake ya kiangazi mwaka 1870, na hapo ndipo matajiri walipoanza kumiminika kwenye mji wa wavuvi.

Chakula: agiza samaki wa kuchoma. Mkate na zeituni wanavyokuwekea kabla hujaagiza si vya bure, ukivila unavilipia. Huvitaki, waambie waviondoe. Kama huli nguruwe, uliza kwanza kuhusu supu ya caldo verde. Inaonekana ni sukumawiki na viazi tu, kumbe juu yake huwekwa vipande vya soseji ya nguruwe.

Jioni usikimbilie stesheni, treni zipo hadi usiku wa manane. Nenda Praia da Ribeira, ufukwe mdogo wa wavuvi katikati ya mji, boti zao bado zinaelea hapo. Kwenye gati nilikuta madema, mitego ya samaki, yamepangwa juu kwa juu, ya nyavu na fremu za chuma badala ya fito zetu, yananuka ule mwani uliokauka ninaoujua tangu utotoni. Mzee mmoja alikuwa anashona tundu, anavuta uzi kwa meno. Nilikaa naye karibu saa nzima, hatuna lugha ya pamoja, kila nikionyesha kitu ananitajia jina lake. Beba koti, hata kama ni Julai. Jua likizama hapo baridi inashuka ghafla.