"Alizeti Anakula Vizuri Tu"

Wiki mbili zilizopita niliamka nikakuta ujumbe wa dada mmoja wa Igoma, hapa hapa Mwanza. Aliutuma saa tisa usiku, nikajua hajalala. "Dada, kasuku wangu anapiga chafya, leo siku ya nne. Kula anakula, alizeti anakula vizuri tu. Nimpe dawa gani?"

Nilikuwa jikoni. Nikavuta kigoda nikakaa. Chafya haikunishtua, chafya naijua. Kilichonikalisha ni hayo maneno, alizeti anakula vizuri tu. Miaka minne nyuma niliyasema mimi, kwa sauti ya mama anayejitetea kliniki, mbele ya daktari wa mifugo, ndege wangu nimemfunga khanga mapajani na tundu za pua zote mbili zimeziba.

Ngoja nianzie bandarini.

Baba yangu mdogo aliishi Bukoba miaka mingi na alikuwa na kasuku wa kijivu, wale wenye mkia mwekundu. Baba mdogo alipofariki, mama mdogo alivumilia miezi miwili, kisha akapiga simu: njooni mchukue ndege wenu. Hakuwa na ubaya. Yule ndege alikuwa anakohoa kikohozi cha marehemu, na alikohoa alfajiri, muda uleule ambao mzee alikuwa anaamkia. Nani angeweza kukaa na hilo?

Akaletwa na meli ya usiku, tundu limefunikwa shuka. Asubuhi pale bandari ya Mwanza nikafunua kona ya shuka. Akaniangalia kwa jicho moja, la manjano, muda mrefu. Halafu akasema, kwa sauti ya baba mdogo kabisa: "Shemeji, umeleta nini?" Nililia mbele ya wapagazi. Jina likawa hilohilo, Shemeji.

Alikuja na mfuko wa alizeti wa kilo tatu na maagizo ya mama mdogo: anapenda alizeti, karanga, na Jumapili soda kidogo kwenye kifuniko. Nikafuata kama nilivyoambiwa. Nikaongeza na yangu, maana ndege akikuuliza umeleta nini kila ukiingia mlangoni, utaingiaje mikono mitupu? Nilileta karanga za chumvi, biskuti, ncha ya chapati. Sisi mapenzi yetu yako kwenye sahani. Mgeni hajakaa vizuri ameshaulizwa kama amekula. Na wewe unayesoma hapa uko hivyohivyo, usinidanganye: unataka ndege wako aongee, apendeze, na watu wakija waseme anakujua.

Nilimpima kwenye mizani ya muuza unga, akatoka gramu 540. Majirani wakasema kanawiri. Nilivimba kichwa.

Mwaka wa pili ndipo chafya zikaanza. Nikadhani ni vumbi, ilikuwa kiangazi. Manyoya ya kifuani yakaanza kuchakaa, yale ya kijivu yakawa hayana ung'avu, kama sare ya shule iliyofuliwa sana. Nikamwita mtaalamu wa kwanza. Akamwangalia kupitia nyavu bila kumgusa, akaniuzia unga wa dawa ya kuku wa kuchanganya kwenye maji, na akanishauri nimchanganyie chakula cha kuku wa mayai "kina kila kitu". Leo najua kwamba chakula cha kuku wa mayai kimejazwa chokaa kwa ajili ya kuku anayetaga karibu kila siku, si cha kasuku dume anayekaa kwenye kijiti. Ningemheshimu zaidi yule bwana kama angeniambia tu kwamba kasuku hajawahi kumtibu. Alichukua hela, akapanda pikipiki.

Siku kumi baadaye, jioni, nikasikia kishindo tunduni. Shemeji alikuwa chini, mabawa yanapiga sakafu kama kuku aliyechinjwa, kucha zimekunjamana, macho wazi. Ilidumu dakika moja labda. Mimi niliishi mwaka mzima ndani ya ile dakika. Mwanangu alisimama mlangoni akasema, "Mama, anakufa kama babu?"

Daktari wa pili alikuwa kijana, mpole, na hakuona aibu kupiga simu kwa mwalimu wake mbele yangu. Tulimshika Shemeji, akamfungua mdomo na kumulika kwa tochi ya simu. Akaniita nichungulie. Juu kabisa, kwenye kaakaa la kasuku, kuna mwanya, na pembeni ya mwanya huo panatakiwa pawe na vinundu vidogo vilivyochongoka kama meno ya kitana. Kwa Shemeji palikuwa pamelala, laini, na vidoa vyeupe viwili. Ndipo akaniuliza anakula nini. Nikajibu kwa kujiamini.

Alinieleza polepole. Kokwa ya alizeti karibu nusu yake ni mafuta. Vitamini A ndani yake ni kama haipo, na kalisi, yale madini ya mifupa, ni kidogo mno. Vitamini A ikikosekana, utando wa pua, mdomo na koo hukauka, hukakamaa, vijidudu vikapata njia; chafya na vile vidoa vimetoka huko. Kalisi nayo ikishuka kwenye damu, misuli na mishipa ya fahamu huchanganyikiwa, na kasuku wa kijivu ndio wepesi zaidi kwa degedege la namna hiyo. Akamchoma sindano. Akasema sentensi moja ambayo sijaisahau: "Mama, huyu ameshiba miaka yote, na miaka yote ana njaa."

Sasa nakuja kwako, dada wa Igoma, na wengine mnaoniuliza kila wiki muwalishe nini ndege wenu.

Kwanza chafya siku nne si ya kuulizia dawa kwa simu, mpeleke kwa daktari. Halafu angalia sahani. Fuata rangi: chungwa na kijani kilichokolea. Karoti, boga, papai, embe, viazi lishe vile vyenye nyama ya rangi ya karoti, ambavyo sisi Kanda ya Ziwa hatuna kisingizio cha kuvikosa. Sukuma wiki, majani ya maboga, pilipili hoho. Mchicha na tembele mpe, ila usifanye ndiyo mboga ya kila siku, kwa sababu vina kitu kinachoikamata kalisi isimfae. Alizeti iwe zawadi, punje chache mkononi mwako. Nafaka zilizopikwa bila chumvi, maharage yaliyoiva sawasawa, kamwe si mabichi. Kipande cha yai la kuchemsha mara moja kwa wiki. Wenzetu Ulaya wanatumia punje za kiwandani zilizotengenezwa kwa ajili ya kasuku na madaktari wanazisifu. Ukizipata, heri yako. Mimi hapa Mwanza sijazipata kwa bei ya kueleweka. Fuata rangi.

Kuna watu hunijibu, mbona porini wanakula mbegu? Wananitajia vile vikasuku vya kijani vyenye uso wa rangi ya chungwa, vinavyopita kwa makelele huku kwetu kusini mwa ziwa na kushambulia mtama. Ni kweli wanakula mbegu. Lakini wanaruka kutwa nzima, na mbegu zao ni za nyasi na migunga, za aina nyingi, mbichi na kavu. Wako umemfungia kwenye tundu la mita moja na gunia la mafuta. Na huyu wa kijivu ni ndege wa msituni, huko Kongo na Afrika Magharibi tunda lake kubwa ni la michikichi. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu pale sokoni. Mawese ya Kigoma, mekundu hivyo kwa sababu ya kile kile kinachogeuka vitamini A mwilini, yalikuwa kwenye chupa mbele yangu miaka yote. Siku hizi nampakia matone mawili juu ya kiazi, si kila siku.

Kumbadilisha ilichukua miezi mitatu, na sitawachosha na yote. Karoti aliirusha ukutani. Boga alilikanyaga. Kilichovunja mgomo ni pilipili mbuzi, niamini: ndege hawausikii ule ukali, na yeye aliona mimi naikwepa kwenye sahani yangu, akaitaka. Baada ya hapo nikaanza kula mbele yake kwa madaha, kipande changu, kipande chake. Ila msimkomeshe kwa njaa. Nilikuwa nampima kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni, na daktari aliniambia akipungua moja ya kumi ya uzito nirudishe mbegu siku hiyohiyo.

Kalisi natumia maganda ya mayai, nayachemsha, nayaanika, nayasaga mpaka yawe unga. Vitabu vinasema mfupa wa ngisi. Ngisi yuko baharini, sisi tuna sangara na dagaa. Na jua lazima, nusu saa asubuhi, nje, penye kivuli cha kukimbilia. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimsaidii, kioo kinaizuia ile miale inayotengeneza vitamini D, na bila hiyo maganda yote hayo yatapita tu.

Karanga nimeacha. Siwezi kuona kwa macho sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na nafaka, na mwaka 2016 ilishaua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Mtu mzima anakufa, sembuse kiumbe cha nusu kilo?

Na parachichi. Hapa niseme taratibu maana nyumbani kwetu bado panauma. Pasaka ya mwaka juzi wifi yangu alikuja, akakata parachichi, na kwa upendo kabisa akampelekea Shemeji kipande kwenye kijiko. Nilikiona kijiko kikiwa kimeshafika kwenye nyavu. Nikampiga mkono. Kijiko kikaruka, parachichi likatua kwenye gauni lake la sikukuu. Nilijaribu kueleza kwamba parachichi linaharibu moyo wa ndege, kwamba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Akasema, "Kumbe ndege ana thamani kuliko mimi." Tangu siku hiyo salamu yake ni ya kupitia kwa kaka. Wifi, kama unasoma, kwa mkono nimekosa. Kwa parachichi sijakosa.

Chokoleti, kahawa, chai ya rangi, pombe, vitunguu, vitu vya chumvi, hivyo hivyo. Na msimweke karibu na jiko la mkaa wala kikaango kisichogandisha, kikiungua moshi wake unaua ndege kabla wewe hujausikia.

Kuna jirani mmoja aliwahi kusema dirishani, kwa makusudi nisikie: watu wanamkatia ndege karoti wakati watoto wa wenzao hawaijui. Liliniuma wiki nzima. Kisha nikahesabu. Karoti ya Shemeji ni kipande cha kidole gumba. Soda na biskuti nilizokuwa nampa zilikuwa ghali zaidi, na siku hizo hakuna aliyesema kitu. Mtu akiharibu kwa anasa tunamwita mkarimu. Akitunza kwa akili anajidai! Jamani, tujiulize hata kwa watoto wetu, kile tunachowawekea kwenye mikoba ya shule kina tofauti gani na mfuko wa alizeti wa mama mdogo?

Nimetoka nje ya mada, najua. Ila niseme na hili niondoke nalo: msiniandikie kuniuliza kasuku wa kijivu anauzwa wapi. Tangu mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini, kwa sababu wanakwisha, na hapa kwetu kufuga ndege wa porini kunataka kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Ukiuziwa kwenye boksi stendi, umenunua kesi. Na huyu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Mimi nimeshamwandika mwanangu awe mrithi wake.

Leo asubuhi Shemeji kapimwa, gramu 462. Vile vinundu vya kaakaa havikurudi vyote, daktari alisema vingine havirudi. Lakini pua ni safi, na kikohozi cha baba mdogo bado anacho, alfajiri, mpaka wageni hudhani kuna mzee chumba cha pili.

Dada wa Igoma kaniandikia tena jana. Ndege wake kaonwa na daktari, anaendelea na dawa, na ametuma picha: mdomo umepakaa rangi ya boga, na chini ya tundu boga zima limemwagwa, mpaka kwenye viatu vya mumewe. "Dada, hajala hata kidogo, nifanyeje?"

Nimemjibu mdomo umepakaa, kwa hiyo ameonja. Fagia. Kesho kata nyembamba zaidi, na viatu vya shemeji uvitoe hapo.