Uliza Mchora Ramani: Mto uliopata rais

Shikamoo Mwalimu. Ninaandaa mradi wa chuo. Nina jedwali moja nililolipakua GeoNames (kanzidata ya majina ya mahali), jingine limetoka OpenStreetMap (ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea), na nimetumia viungo vya Wikidata (kanzidata huria inayokipa kila kitu namba yake) kuyafunga pamoja. Pasipo na kiungo nimeoanisha kwa jina, mradi umbali usizidi kilomita 5. Matokeo ni vituko. Niger imekuwa kitu kimoja chenye urefu wa mto na idadi ya watu wa nchi. Miji kadhaa imetokea mara mbili. Mto Danubi haujapata mwenzake kabisa. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa mwaka wa tatu)

Marahaba. Umemwita jina kama shahidi wa kwanza, mimi humwita wa mwisho. Ni msemaji mzuri, lakini hujui anamsemea nani.

Tuanze na Niger. Kuna Mto Niger, kuna nchi ya Niger, na ndani ya Nigeria kuna Jimbo la Niger. Vyote vitatu vinaandikwa kwa herufi zilezile tano. Sharti lako la kilomita 5 halikukuokoa kwa sababu kwenye viungo hukulitumia. Uliacha viungo vifuatane vyenyewe: rekodi ya kwanza imefungwa na ya pili, ya pili na ya tatu, basi skripti yako, ile programu fupi ya kuoanisha, ikaamua kwamba ya kwanza ndiyo ya tatu. Kiungo kimoja kibaya katikati kinatosha kuupa mto rais na wimbo wa taifa.

Dawa yake ni kuuliza aina kabla ya jina. GeoNames hugawa vitu katika madaraja tisa, kila moja na herufi yake: A ni maeneo ya utawala, H ni maji, P ni makazi, T ni milima na miinuko, na kadhalika. Upande wa OpenStreetMap utazipata habari hizo kwenye tagi, yaani maelezo mafupi yaliyobandikwa kwenye kila kitu. Tengeneza jedwali dogo la tafsiri kati ya pande hizo mbili, ulifanye kwa mkono, usiku mmoja unatosha. H haiolewi na A hata majina yafanane namna gani. Kisha pitia kila kishada cha rekodi zilizofungamana: ukikuta kishada kina rekodi mbili za GeoNames, simama hapo. Ama GeoNames wenyewe wameandika kitu kimoja mara mbili, ama wewe umefunga vitu viwili. Mara nyingi ni wewe.

Miji iliyojirudia ni kisa kingine. OpenStreetMap ina nukta, ina njia, na ina relesheni, yaani kundi la vipande vinavyofanya kitu kimoja. Mpaka wa mji huchorwa kama relesheni, na ndani yake huweza kuwemo nukta iliyopewa dhima ya lebo. Nukta hiyo inaiambia programu ya kuchora: andika jina hapa. Wewe umeisoma kama mji wa pili! Na kwa kuwa nukta na mpaka mara nyingi hubeba namba ileile ya Wikidata, skripti yako ikaona wagombea wawili wa nafasi moja. Fuata uanachama wa relesheni kwanza, lebo irudi kwa mwenye nayo, ndipo utoke nje kutafuta mwenza kwenye kanzidata nyingine. Wengi huruka hatua hii kwa sababu kwenye kioo lebo na umbo huonekana kitu kimoja.

Danubi nayo ina urefu wa kilomita 2,850 hivi na inapita nchi 10. GeoNames inaupa mto kama huo nukta moja tu. Desturi ya kamusi nyingi za majina ya mahali ni kuiweka nukta ya mto kwenye mdomo wake, panapoingia baharini. Wewe, nadhani, ulichukua kitovu cha mistari ya OpenStreetMap, ukapima kutoka kitovu hadi mdomo, ukapata mamia ya kilomita. Pima umbali wa nukta hadi sehemu ya mstari iliyo karibu nayo zaidi. Ziwa au msitu, uliza kwanza kama nukta imo ndani ya poligoni, yaani umbo la mpaka wake. Kilomita 5 kwa kila kitu ni sawa na kiatu cha namba moja kwa ukoo mzima: kisima kinataka mita chache, safu ya milima inataka makumi ya kilomita.

Na kabla ya kulaumu umbali, hesabu tarakimu baada ya nukta ya desimali. Sehemu moja ya mia ya digrii ya latitudo ni kilomita 1.1 hivi, kwa hiyo rekodi iliyokatwa kwenye tarakimu mbili inaweza kukosea zaidi ya nusu kilomita bila mtu yeyote kufanya kosa. Ramani za zamani za Kenya na Tanzania zilizochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuratibu mahali, zina lao: ukizisoma kana kwamba ni WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, kila kitu kinahama mita 300 hivi. Ukiona vyote vimesogea upande uleule, usiguse rekodi moja moja, badilisha mfumo.

Nikusimulie na la kwangu, usicheke. Kazi yangu ya kwanza ya namna hii nilikuta zahanati imeungana na maporomoko ya maji. Majina yalifanana kidogo, na umbali ulikuwa sifuri kamili. Sifuri! Nikafurahi kabla ya kufungua ramani. Rekodi zote mbili hazikuwa na latitudo wala longitudo, na programu iliandika 0 na 0 palipokuwa patupu. Zote zikaenda kukutana Ghuba ya Guinea, kwenye kile ambacho watu wa ramani hukiita Null Island, kisiwa kisichokuwepo. Tangu hapo kazi yangu ya kwanza asubuhi ni kuwafukuza wakazi wa kisiwa hicho.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuja baadaye: nilifuta namba za zamani. Sisi tunasema kuoanisha, na neno lenyewe limebeba kuoa, kwa hiyo ichukulie hivyo: kiungo ni uchumba, kuunganisha rekodi ni ndoa, na talaka yake ni ghali. Acha uchumba ukae. Weka jedwali la tatu lenye namba ya huku, namba ya kule, sababu ya kuzioanisha na tarehe. Ukishaunganisha, namba iliyokufa ibaki ikielekeza kwa iliyo hai. Wikidata hufanya hivyo hivyo: kurasa mbili zikiunganishwa, namba ya ile iliyoachwa huelekeza kwenye iliyobaki. Na kwa vitu vinavyochanganywa kila mara, Wikidata ina sifa maalumu ya kusema hiki si kile. Itumie kwenye Niger zako tatu, usije ukafunga tena mwezi ujao ulichofungua leo.

Thamani zikigombana, usiwe hakimu. Everest utaikuta na mita 8,848, utaikuta na 8,850 ya vipimo vya GPS vya 1999, na 8,848.86 iliyotangazwa na Nepal na China Desemba 2020. Zihifadhi zote, kila moja na mwaka na chanzo chake. Majina vilevile. Ziwa Nyasa, Lake Malawi na Lago Niassa ni maji yaleyale, na kila jina lina serikali nyuma yake. Weka ziwa kwenye jedwali la vitu, majina matatu kwenye jedwali la majina, kila jina na lugha yake. Lipi lichapwe kwenye ramani ni swali la ramani hiyo.

Mwalimu, jina Lang'ata ninalo mara mbili, yameandikwa sawa kabisa, lakini kompyuta inasema ni tofauti. Je, ni hitilafu?

Kompyuta iko sawa. Tazama ule mkwaju mdogo wa ng'. Unaweza kuwa alama ya kawaida ya kibodi, U+0027 (namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta). Unaweza kuwa ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, U+2019. Unaweza kuwa U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi. Kwa jicho ni kitu kimoja. Bado kuna anayeandika Langata bila alama yoyote. Tengeneza safu ya pembeni ya kulinganishia tu: alama zote ziwe moja, herufi zote ndogo, na maneno kama Mto, Ziwa na Mlima yatolewe. Jina asilia usiliguse. Ila usiifute alama moja kwa moja hata kwenye safu ya pembeni bila kufikiri, maana ng na ng' ni sauti mbili. Na Soundex, njia ya kulinganisha majina kwa sauti, usiilete huku, ilitengenezwa kwa majina ya Kiingereza.

Naweza kuchota vitu vyote vya OpenStreetMap vya eneo langu nikavimimina Wikidata?

Hapana. OpenStreetMap ipo chini ya leseni ya ODbL tangu 2012, inayotaka chanzo kitajwe na kanzidata iliyotokana nayo itolewe kwa masharti yaleyale, Wikidata ni CC0, yaani haidai chochote, na huwezi kuondoa masharti ya mwenzako kwa kuhamisha data. GeoNames pia inataka itajwe. Namba ya Wikidata kwenye tagi ya OpenStreetMap inatosha: kila mmoja abaki kwake, wajuane.