Vijiwe vya nyongo: mafuta na ndimu niliyanywa, nikaishia kupasuliwa

Pole sana kwa mama. Umesema kapigwa ultrasaundi hapo Masasi, vijiwe vimeonekana kwenye mfuko wa nyongo, daktari kashauri apasuliwe, ila jirani anamsihi anywe kwanza mafuta ya zeituni na ndimu vitoke vyenyewe. Njia hiyo nimeipita mimi.

Yangu yalianza msimu wa korosho, tuko Tandahimba. Jioni nimekula wali wa nazi na pweza, usiku wa manane naamka chembe cha moyo kimekaza, maumivu yanashika ubavu wa kulia mpaka nyuma ya bega. Natapika, sipati upande wa kulalia. Baada ya saa tatu hivi, kimya. Zahanati wakasema vidonda vya tumbo, nikameza dawa zake karibu miaka miwili. Hakuna aliyeniuliza nimekula nini kabla ya kuumwa.

Vijiwe vilipogunduliwa, hayo mafuta na ndimu niliyanywa. Asubuhi nikaharisha vigololi laini vya kijani, nikashukuru Mungu. Nikaviosha kwenye chujio, nikavianika kwenye kisosi dirishani ili dada aje avione. Adhuhuri, kwa jua hili la Mtwara, kisosi kimebaki na utelezi wa mafuta tu. Jiwe haliyeyuki juani! Ni yale yale mafuta niliyokunywa, yameganda tumboni kama sabuni. Nilipopimwa tena, vijiwe vilikuwa palepale.

Mimi nilipasuliwa kwa mkato chini ya mbavu za kulia, nikakatazwa kubeba ndoo wiki sita. Upasuaji wa matundu madogo kwa kamera mtu hupona upesi zaidi, kwa hiyo ulizeni kama unapatikana huko mtakakopelekwa. Wanaondoa mfuko mzima, maana ukibaki utatengeneza vingine. Mama asiogope kuishi bila huo mfuko: nyongo inatengenezwa na ini, mfuko unaitunza tu. Mimi wiki za mwanzo chakula cha mafuta kiliniharisha, sasa nakula mchuzi wa nazi bila shida.

Nesi alinipa vijiwe kwenye kichupa. 17, vya kahawia, vina pembe kama punje za mahindi, vigumu. Nilikaa navyo mkononi nikawaza ile miaka miwili ya dawa za vidonda.

Vijiwe visivyouma mara nyingi huachwa, lakini umeandika mama ameshaumwa mara tatu tangu Ramadhani. Kijiwe kikichomoka kikaziba njia ya nyongo, macho yanakuwa ya njano, mkojo unakolea kama chai ya rangi, choo kinapauka, na kongosho linaweza kuvimba. Akipata homa na kutetemeka juu ya hayo, msingoje kuche, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Kama ana presha au sukari, daktari wa usingizi aambiwe mapema.

Leo umeyaangalia macho yake? Mtoe nje mchana umwangalie kwenye mwanga wa jua, kwenye taa ya ndani unjano haukamatiki vizuri. Kisha uniandikie hapa.